Wahusika na maadui katika mchezo wa mezani: Funzo kutoka vita ya Ziwa Tanganyika

Na Mwandishi Wetu, Kigoma

KATIKA bao la Kiswahili wachezaji wawili huanza wakiwa sawa kabisa. Kete ni 64 na kila mmoja hupewa 32. Kumi hupangwa ubaoni na 22 hubaki mkononi zikisubiri kunamuliwa. Anayefungwa hana wa kumlaumu, kwa kuwa mwenzake hakupewa hata kete moja zaidi yake.

Ipo hata hivyo michezo ya mezani ambayo wachezaji hawaanzi sawa, na wala haikukusudiwa waanze sawa. Ni michezo ya uhusika, ambayo watu wanne au watano huketi pamoja, kila mmoja akabeba nafsi ya mhusika mmoja katika hadithi ambayo hakuna anayejua mwisho wake.

Mmoja wao huwa msimulizi. Yeye hueleza mahali, hali ya hewa na nani amejitokeza mbele ya kundi, na wengine husema wahusika wao wanafanya nini. Jambo likiwa na mashaka, hutupwa dadu ili iamue.

Mchezo wa kwanza wa aina hii kuuzwa kwa umma, Dungeons & Dragons, ulitolewa mwaka 1974 na Wamarekani Gary Gygax na Dave Arneson. Ulichapwa katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, mji ulio kando ya ziwa kama zilivyo Kigoma na Ujiji. Vifaa vyake ni karatasi, kalamu na dadu, hivyo hauhitaji umeme wala intaneti.

Anayetaka kutunga mchezo wake mwenyewe hukumbana na maswali mawili magumu. La kwanza ni namna ya kuwaunda wahusika ili asiwepo mmoja anayewafunika wenzake. La pili ni namna ya kumuunda adui anayetisha bila kuifanya safari yote kuwa kazi bure. Historia ya ziwa letu ina majibu ya maswali yote mawili.

Nguvu isiyo na udhaifu haipo

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, Wajerumani ndio walioshika maji ya Ziwa Tanganyika. Walikuwa na meli ndogo Kingani, kubwa kidogo yake Hedwig von Wissmann, na baadaye Graf von Götzen, yenye urefu wa takriban mita 70. Hiyo ya mwisho iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam na kuletwa Kigoma kwa reli ya kati. Iliteremshwa majini Februari 1915.

Waingereza walijibu kwa boti mbili za mbao, Mimi na Toutou, kila moja ikiwa na urefu wa takriban mita 12. Chini ya kamanda Geoffrey Spicer-Simson, boti hizo ziliondoka Uingereza Juni 1915, zikapita Cape Town, zikapanda treni hadi Kongo, kisha zikakokotwa milimani kwa mashine za mvuke na maksai. Desemba mwaka huo zilishuka majini upande wa magharibi wa ziwa.

Kwa ukubwa hapakuwa na ulinganisho. Lakini Mimi na Toutou zilikuwa na kasi, na mzinga wa Kingani uliweza kupiga upande wa mbele tu. Tarehe 26 Desemba 1915 boti hizo ziliikabili Kingani zikikwepa mdomo wa mzinga wake, zikaiteka. Ilitengenezwa, ikapewa jina jipya la Fifi, na tarehe 9 Februari 1916 ikashiriki kuizamisha Hedwig von Wissmann.

Mtunzi wa mchezo atazame hapo. Hakuna chombo hata kimoja kilichokuwa bora kwa kila jambo. Penye ukubwa palikosekana wepesi, na penye kasi ubavu ulikuwa wa mbao. Uwiano katika mchezo wa uhusika ndio huo: kila mmoja kuwa na saa yake ya kutegemewa na saa yake ya kumhitaji mwenzake.

Kuwagawia wahusika uwezo

Tuchukue mchezo wa mfano. Ni mwaka 1915. Watu wanne wa Ujiji wanataka kuvusha chumvi ya Uvinza kwa mtumbwi, usiku, hadi ng'ambo ya ziwa, wakati meli za vita zinafanya doria. Wao ni nahodha wa mtumbwi, seremala, mkalimani na mpagazi wa zamani wa misafara.

Kila mhusika ana uwezo wa aina nne: Nguvu, Ufundi, Maarifa ya Ziwa na Ulimi, yaani uwezo wa kushawishi. Kila mchezaji apewe pointi kumi za kugawa, uwezo wowote usipungue 1 wala usizidi 5. Nahodha anaweza kuweka 5 katika Maarifa ya Ziwa, 3 katika Nguvu, na 1 kwa kila uliobaki. Utaratibu wa kununua uwezo kwa pointi si mpya. Mchezo GURPS wa Steve Jackson, uliotoka mwaka 1986, umejengwa juu yake.

Ili kufanikiwa, mchezaji hutupa dadu mbili, hujumlisha na uwezo wake, na anahitaji kufikisha 10 au zaidi. Dadu mbili zina matokeo 36 yanayowezekana. Mwenye uwezo wa 1 hufanikiwa katika 10 kati ya hayo, sawa na asilimia 28. Mwenye 2 hufikia asilimia 42, mwenye 3 asilimia 58, mwenye 4 asilimia 72, na mwenye 5 asilimia 83.

Takwimu hizo zinaonyesha kwa nini kikomo cha 5 ni muhimu. Ukiruhusu 8, kufanikiwa ni hakika na dadu haina kazi tena. Ukiruhusu sifuri, nafasi inashuka hadi asilimia 17 na mchezaji ataacha hata kujaribu.

Hata hivyo, hesabu peke yake haitoshi. Wahusika wanne wenye pointi kumi kila mmoja bado hawatakuwa na uwiano iwapo safari nzima ni mapigano matupu. Mkalimani aliyeweka pointi zake katika Ulimi atakaa kimya tangu mwanzo hadi mwisho, na siku ya pili hatarudi mezani.

Kwa sababu hiyo, msimulizi ahesabu vikwazo vyake kabla ya kuanza. Upepo mkali unaobadilika usiku ni wa nahodha. Mtumbwi unaovuja ni wa seremala. Askari wa doria ufukweni ni wa mkalimani, na mizigo inayopaswa kufichwa kabla ya mapambazuko ni ya mpagazi. Uwezo usio na kikwazo kinachouhitaji ni pointi zilizotupwa majini.

Adui mmoja dhidi ya wanne

Kosa la kawaida la msimulizi mpya ni kudhani kwamba adui mkubwa ni adui mgumu. Tumjaribu mamba. Tuseme kila mhusika ana pointi kumi za uhai, kila shambulio hufanikiwa mara moja katika kila mara mbili, na likifanikiwa hutupwa dadu moja kujua madhara, ambayo wastani wake ni 3.5.

Wachezaji wanne kwa pamoja watamwondolea mamba wastani wa pointi 7 kila mzunguko. Akiwa na pointi 28 atadumu mizunguko minne. Yeye akishambulia mara moja tu kwa mzunguko, atawaondolea wastani wa pointi 7 kwa pambano zima, kati ya 40 walizonazo wote. Kwa maneno mengine, myama huyo wa kutisha atakufa kabla hajamtoa jasho mtu yeyote.

Wengi hujibu kwa kumwongezea uhai hadi pointi 56. Matokeo ni kwamba pambano hurefuka hadi mizunguko minane, na linachosha zaidi bila kutisha zaidi.

Dawa ni kumwongezea nafasi za kutenda. Mamba akishambulia mara tatu kwa mzunguko, mara mbili kwa meno na mara moja kwa mkia, madhara yanafika wastani wa pointi 21 katika mizunguko minne. Hiyo ni zaidi ya nusu ya uhai wa kundi zima, na sasa wachezaji watafikiri kabla ya kutupa dadu.

Toleo la tatu la Dungeons & Dragons, lililotoka mwaka 2000, lilimpa kila adui namba ya ugumu iliyopimwa kwa kundi la wachezaji wanne. Namba ya namna hiyo husaidia kuanza, lakini haijui kama kundi liko nchi kavu au limo ndani ya mtumbwi uliojaa chumvi.

Mahali, kusudi na njia ya kumshinda

Mahali alipo adui humwongezea uzito kuliko pointi. Mwambao wa kaskazini wa ziwa hili, upande wa Burundi, ulipata sifa kwa sababu ya mamba mkubwa aliyepewa jina la Gustave na Mfaransa Patrice Faye, aliyeishi nchini humo. Mamba huyo alilaumiwa kwa vifo vingi, na jaribio la kumnasa kwa mtego mkubwa wa chuma, lililoonyeshwa katika filamu ya mwaka 2004, halikufua dafu. Kilichowatisha watu ni kwamba hawakujua ataibukia wapi na lini.

Pili, adui awe na kusudi. Doria ya ufukweni haitaki kuua watu. Inataka kuzuia mizigo na kupata habari. Askari wenye kusudi hilo wanaweza kudanganywa, kuhongwa, kupitwa kwa mbali au kupigwa, na kila mhusika ana mlango wake wa kuingilia.

Tatu, adui asiyeshindika ana kwa ana lazima aache njia nyingine. Graf von Götzen ilibeba mzinga wa milimita 105 uliotoka katika manowari Königsberg, iliyoangamia Rufiji Julai 1915. Spicer-Simson alipoiona baada ya ushindi wake wa pili, aliamua kutoishambulia. Meli hiyo haikushindwa na boti yoyote. Ndege za Wabelgiji ziliishambulia Kigoma, majeshi yao yakasogea kwa nchi kavu, na Wajerumani wenyewe wakaizamisha tarehe 26 Julai 1916.

Katika mchezo wetu wa chumvi, basi, Götzen isipewe pointi za uhai kabisa. Ipewe ratiba, mwanga wake na sauti ya injini yake. Wachezaji wakiuliza wavuvi, wakasikiliza na kuhesabu saa, watapata upenyo wa kupita. Wasipouliza, waione ikija kwa mbali wakiwa bado na nafasi ya kugeuza mtumbwi. Adui anayeua bila dalili humfundisha mchezaji kwamba uamuzi wake hauna maana.

Adui asiwe kabila

Suala hili lina uzito wa pekee katika mkoa huu. Kigoma imepokea wakimbizi kutoka Burundi tangu mwaka 1972, na kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo. Vijana wanaoweza kuketi meza moja wanatoka pande zote za ziwa, na baadhi yao wazazi wao walikimbia kwa sababu mtu alitajwa kuwa adui kwa kuzaliwa kwake tu.

Msimulizi anayesema "watu wa kabila fulani ni wabaya" anairudisha sumu hiyo mezani kwa jina la burudani. Pia anaharibu mchezo wake, maana adui aliye mbaya kwa asili hana kusudi, na asiye na kusudi hawezi kushawishiwa wala kueleweka. Mkalimani hana kazi mbele yake.

Michezo mikubwa nayo imelazimika kujirekebisha. Juni 2020 wachapishaji wa Dungeons & Dragons walitangaza kwamba wataacha kuonyesha jamii nzima za viumbe wake kuwa waovu kwa kuzaliwa, na kanuni za mwaka 2024 ziliacha kutumia neno la rangi au asili, zikatumia neno la spishi.

Adui katika hadithi na awe mtu au kundi lililoamua jambo: mlanguzi, kamanda, mwizi wa nyavu. Aliyeamua anaweza kuamua vingine, na hapo ndipo hadithi hupata mgeuko.

Kabla ya kuketi mezani

Msimulizi anashauriwa kulijaribu pambano peke yake mara tatu kwa dadu kabla ya siku ya mchezo. Kundi likishinda mara zote bila jeraha, adui aongezewe nafasi ya kutenda au mahali pagumu. Likiangamia mara zote, lifunguliwe njia ya kukimbia au dalili ya udhaifu.

Baada ya mchezo, ajiulize ni nani aliyenyamaza muda mrefu kuliko wote. Safari ijayo ianze na kikwazo kinachomhitaji huyo.

Ama Graf von Götzen, Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Chombo kilichokuwa tishio la ziwa kilibeba abiria na mizigo kati ya Kigoma na bandari za kusini kwa miongo mingi. Msimulizi anayemuunda adui wake na akumbuke kumwachia nafasi ya kubadilika.