Upasuaji wa jeraha dogo

Mtu wa Dongobesh au Katesh anayetokwa na kinyama sehemu ya haja kubwa huambiwa ana mgolo, basi. Ndani ya jina hilo yamejificha maradhi mawili. Bawasiri ni vifundo vya mishipa ya damu vilivyovimba na kushuka kwenye njia ya haja kubwa. Kutoka kwa puru ni kitu kingine kabisa: ukuta mzima wa sehemu ya mwisho ya utumbo mpana hujikunja na kutokeza nje. Daktari humwambia mgonjwa achuchumae na kujikamua, kisha hutazama mikunjo. Ya puru ni duara ndani ya duara. Vifundo vya bawasiri hutenganishwa na mifereji inayoelekea katikati. Damu nayo isiitwe mgolo kabla saratani haijaangaliwa.

Tumezoea kuita "upasuaji wa matundu madogo" kila upasuaji usiopasua sana. Kwa puru iliyotoka jina hilo linafaa: kamera na vyombo vyembamba hupitishwa kwenye vitundu vya tumboni, puru ikavutwa juu na kushikizwa kwenye mfupa wa chini ya uti wa mgongo. Njia ya kuishikiza kwa wavu upande wa mbele ilielezwa na André D'Hoore wa Ubelgiji mwaka 2004.

Kwa bawasiri hatoboliwi mtu tumbo. James Barron wa Marekani alieleza mwaka 1963 jinsi ya kukibana kifundo kwa kipete cha mpira. Kipete huwekwa juu ya mstari ambao chini yake ngozi huhisi maumivu makali. Kifundo hukosa damu, hunyauka na kudondoka baada ya siku kadhaa. Hakuna nusukaputi, na kwa mgonjwa aliyetoka mbali hilo ni jambo kubwa. Morinaga wa Japani, mwaka 1995, aliisaka mishipa kwa mawimbi ya sauti na kuifunga kwa uzi. Antonio Longo wa Italia alileta stepla ya duara inayokata utando na kuvirudisha vifundo juu.

Ndiyo maana napendekeza "upasuaji wa jeraha dogo" liwe jina la jumla, na "matundu madogo" libaki kwa upasuaji wa kamera. Udogo wa jeraha, hata hivyo, si ubora wa tiba. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliotolewa mwaka 2016 ulilinganisha stepla na ukataji wa kawaida, ambao asili yake ni kazi ya Milligan na Morgan wa London, 1937. Mwanzoni stepla haikuuma sana kama ukataji, lakini bawasiri zilirudi zaidi na gharama ilikuwa kubwa. Na kipete hakiponyi puru iliyotoka yote.

Watoto wana habari yao. Haydom, wilayani Mbulu, penye hospitali ya Kilutheri iliyoanzishwa mwaka 1955, palikuwa kituo kimoja cha utafiti wa kimataifa wa MAL-ED kuhusu kuhara na utapiamlo. Hayo mawili, pamoja na minyoo mjeledi, huweza kumtoa mtoto puru. Mara nyingi hupona chanzo kikitibiwa, bila kisu.

Kwa mtu mzima, fomu ya ridhaa iseme wazi: ni bawasiri au ni puru, kitafanyika nini kati ya kukata, kufunga na kushikiza, na vyombo vitapita tumboni au njia ya haja kubwa.