Batri ya ondulere: namna ya kuchagua ile itakayodumu

Ondulere ni kile kisanduku kinachokaa kati ya umeme na kompyuta. Kuriya ikikatika, kinashika kazi dakika tano ao kumi, ili mutu ahifadhi kazi yake na kuzima mashine vizuri, ao jenereta ipate kuwaka. Katika miji yetu ya Kivu delestaji imezoeleka, na redio, kituo cha afya na hata mama wa fotokopi wote wanategemea dakika hizo. Ondulere nyingi zinazotupwa bado ni nzima. Kilichokufa ni batri tu.

Ondulere ndogo, za VA 600 ao 700, mara nyingi ziko na batri moja ya volti 12 na Ah 7, aina iliyofungwa kabisa isiyoongezwa maji. Urefu wake ni milimita 151, upana 65, na kimo karibu 95. Zile kubwa zinabeba mbili ao zaidi. Zima ondulere, ichomoe kwenye umeme, toa batri ya zamani na uende nayo sokoni. Muuzaji asome namba yeye mwenyewe, na alinganishe pia meno ya kufungia waya: kuko ya milimita 4.8 na ya 6.3. Ukipata ya Ah 9 yenye vipimo vilevile, inaweza kuingia bila shida.

Sasa tatizo lenyewe. Kwenye duka utaambiwa: « Papa, hii ni mupya, orijinali! » Labda ni kweli haijatumiwa. Lakini batri ya risasi inazeeka hata ikiwa ndani ya karatoni. Nyingi zinatoka Asia kwa meli, zinashuka Dar es Salaam ao Mombasa, zinapanda lori, zinangoja kwenye mpaka, halafu zinalala depo. Ikikaa zaidi ya miezi sita bila kuchajiwa, inaanza kuharibika ndani, na uharibifu huo mara nyingi hautengenezeki. Kwa hiyo jina lililoandikwa juu lina maana ndogo kuliko tarehe. Tafuta namba zilizogongwa ao kuchapwa kwenye plastiki. Viwanda vingi vinaweka humo mwaka na mwezi, ao mwaka na juma. Kama muuzaji hawezi kukueleza namba hizo, usizitegemee, pima.

Chukua testa. Batri iliyojaa na kupumzika masaa kadhaa inaonyesha karibu volti 12.7 ao zaidi kidogo. Ikiwa chini ya 12.4, imekaa sana bila chaji. Chini ya 12, iache palepale, hata wakikupunguzia bei. Hapo kuko ujanja mumoja: batri mbovu iliyochajiwa asubuhi inaweza kuonyesha volti nzuri kabisa. Ndiyo maana fundi mwerevu anabeba taa ya stop ya gari, ya wati 21. Ifunge kwenye batri ya Ah 7, ngoja dakika kumi, huku testa ikiwa imeshikwa. Nzima itabaki juu ya volti 12. Mbovu itaanguka mbele ya macho yenu wote wawili, na mabishano yanaisha.

Uzito nao unasema. Batri ya kweli ya Ah 7 iko na kilo 2 na kitu. Ya Ah 100, kama zile za studio ao za sola, inakaribia kilo 30. Ukiinua ya « Ah 100 » na mkono mumoja bila kuhema, jua risasi ilipunguzwa ndani.

Kabla ya kulipa, patana juu ya garanti na iandikwe kwenye fakture pamoja na tarehe. Nyumbani, chaji batri siku nzima, halafu iwashe taa ileile mpaka volti zifike 11. Mpya inapaswa kuchukua karibu masaa matatu. Ikiishia chini ya mawili, irudishe siku hiyohiyo.

Kuna wanaofunga batri ya gari kwa sababu ni kubwa. Batri ya gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache tu. Ukiimaliza mara kwa mara inakufa upesi, na gesi yake inaweza kulipuka katika chumba kilichofungwa. Lithiamu je? Paka kama kitabu cha ondulere kinaikubali. Na kama ondulere iko na batri mbili, badilisha zote, juu ya ile ya zamani itaua mpya.

Joto ni adui mwingine. Batri inayokaa miaka mitatu mpaka mitano kwenye digrii 20 ao 25 inapoteza karibu nusu ya maisha kila digrii 10 zikiongezeka. Kwa hiyo ya Uvira itakufa mbele ya ya Bukavu. Usiiweke karibu na dirisha lenye jua wala juu ya jenereta.

Ya zamani usiivunje nyumbani kutafuta risasi. Vumbi lake linaharibu ubongo wa watoto, na asidi inachoma macho. Muulize muuzaji kama anairudisha. Wengine wanakata kitu kwenye bei.