Pengo la Kalenga

Jino langu la mwisho la chini, upande wa kulia, liling'olewa Mbeya siku ya Jumatatu. Nikaambiwa niume pamba, nisisukutue kwa nguvu, nisinywe kwa mrija. Nikadhani kazi imekwisha. Alhamisi alfajiri, nilipopanda basi kwenda Iringa kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili, maumivu yalikuwa yameamka upya, yanapanda hadi sikioni. Kila tuta kati ya Makambako na Mafinga nililihesabu kwa taya.

"Pole, mwanangu. Jino?" akauliza mama niliyeketi naye.

"Limeshang'olewa, mama."

"Basi linalouma ni pengo."

Iringa daktari alinieleza vivyo hivyo kwa maneno yake. Jino likitoka, damu huganda shimoni na kuufunika mfupa. Donge hilo likitoka mapema, mfupa hubaki wazi, na kila kinachopita huugusa. Akasafisha shimo, akaweka dawa yenye harufu ya karafuu. Usiku ule nililala.

Kesho yake nilikwenda Kalenga. Fuvu la Mtwa Mkwawa limewekwa kwenye makumbusho pale, nyuma ya kioo. Historia yake nilikuwa naijua kwa tarehe. Agosti 17, 1891, Wahehe waliwashinda Wajerumani Lugalo, na kamanda wao, Emil von Zelewski, akauawa. Oktoba 1894 Wajerumani wakaivunja ngome ya Kalenga. Mkwawa akapigana kwa kuvizia karibu miaka minne zaidi, hadi Julai 19, 1898, alipojipiga risasi asikamatwe hai. Wakamkata kichwa.

Mwaka 1919 Mkataba wa Versailles, kifungu cha 246, uliiagiza Ujerumani ikabidhi fuvu hilo kwa Uingereza ndani ya miezi sita. Ilipita miaka 35. Hatimaye Gavana Edward Twining alikwenda kwenye makumbusho ya Bremen, yenye mafuvu karibu 2,000, 84 kati yake kutoka Afrika Mashariki ya Kijerumani. Likachaguliwa moja kwa kulinganisha vipimo na vya ndugu wa Mkwawa waliokuwa hai. Juni 19, 1954, alilikabidhi kwa mjukuu wake, Adam Sapi Mkwawa. Siku 18 baadaye TANU ikazaliwa Dar es Salaam. Serikali iliyohitaji utii wa Wahehe ilikuwa na sababu nzuri ya kulipata fuvu.

Hilo ndilo nililotaka kuandika: kwamba vipimo si ushahidi, kwamba huenda si lake. Wahenga walisema jino la pembe si dawa ya pengo. Nilidhani methali hiyo inanitosha kama hitimisho.

Nje nilimkuta mzee kivulini. Nikamwamkia, nikamwuliza kama anaamini ni lenyewe. Alinitazama shavu lililovimba kabla ya kujibu.

"Mjukuu wangu, waliokuwa wanasubiri waliletewa hili. Ungekuwa wewe, ungelirudisha?"

Sikuwa na jibu. Miaka 56 mfupa ulikaa wazi, na mimi nilikuwa nimeshindwa kuvumilia siku nne. Bado nina mashaka na vipimo vya Bremen, na nitayaandika. Lakini sura ya kwanza ya tasnifu nimeianza upya. Sasa inaanza na waliosubiri.