Kosa la Kutaka Kufa

Juni 2023, watu 65 walifikishwa mbele ya mahakama ya Shanzu kwa kosa la kujaribu kujiua. Hawa hawakuwa washukiwa wa kawaida. Walikuwa manusura wa Shakahola, watu waliotolewa msituni wakiwa mifupa mitupu, wakapelekwa kituo cha uokoaji Mtwapa, na huko wakaendelea kukataa chakula. Ile kukataa chakula ndiyo iliyoandikwa kwenye hati ya mashtaka. Mahakama ikaamuru wapimwe afya na akili, na wakati huo wazuiliwe katika jela ya Shimo la Tewa.

Anayeijua njia ile ataelewa ninachosema. Mtwapa iko Kilifi. Ukivuka daraja umeshaingia Mombasa, na jela iko hapo hapo ng'ambo. Ni safari ya nauli ya chini kabisa ya matatu. Kwa umbali huo mdogo, mtu alitoka mikononi mwa waokoaji akaingia mikononi mwa askari jela, na jina lake likabadilika kutoka manusura kuwa mshtakiwa.

Wengi tulishangaa, na mitandaoni watu wakatukana kila aliyehusika. Mimi kilichonikera zaidi ni swali jingine: kwani hiki kifungu kilitoka wapi?

Kilikuja na meli, kutoka India. Waingereza walipoanza kutawala eneo hili hawakukaa chini kuandika sheria mpya. Walichukua ile Kanuni ya Adhabu ya India ya mwaka 1860, wakaitandaza hapa mwishoni mwa karne ya 19. Ndani yake mlikuwa na kifungu cha 309: anayejaribu kujiua afungwe hadi mwaka mmoja. Mwaka 1930 Kenya ikapata Kanuni ya Adhabu yake yenyewe. Namba ikabadilika ikawa 226, kosa likabaki, na adhabu ikapanda hadi miaka miwili, au faini, au vyote viwili. Hakuna mzee wa kaya, kadhi wala mganga aliyeulizwa jamii yake humfanyia nini mtu aliyekata tamaa ya kuishi.

Na hapa pana jambo ambalo lingechekesha kama lisingekuwa zito. Koloni lilikuwa na hospitali moja ya wagonjwa wa akili, Mathari, iliyofunguliwa Nairobi mwaka 1910. Kuanzia 1938 hadi 1950 iliongozwa na J. C. Carothers, daktari aliyepewa kazi hiyo bila kuwa amesomea magonjwa ya akili. Carothers aliwatazama Waafrika waliokuwa wameletwa Mathari, wengi wao baada ya kuzua fujo au kufanya kosa, akahitimisha kwamba Mwafrika ni nadra sana kuugua sonona. Yaani ile huzuni nzito inayomlaza mtu, eti haikuwa yetu. Maandishi yake yalimfikisha mbali: mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika, na 1954 serikali ya koloni ikamtumia kueleza saikolojia ya Mau Mau.

Hebu viweke pamoja. Daktari mkuu wa akili wa koloni anasema huzuni ya kutaka kufa karibu haipo kwa Mwafrika. Sheria ya koloni hilo hilo inamwekea Mwafrika huyo huyo seli akijaribu kufa. Asiyeweza kuwa mgonjwa alibaki kuwa mhalifu tu. Aliyekaa kimya kwenye kona ya nyumba yake Ganze au Magarini, haongei, hali, nani angempeleka Mathari? Hakuwa anasumbua mtu. Angefika mbele ya serikali siku anapokutwa na kamba.

(Pwani ukitaja kuzuiliwa bila hukumu, watu wanamkumbuka Mekatilili wa Menza, aliyekamatwa 1913 na kuhamishiwa magharibi ya Kenya, akatoroka na kurudi kwao kwa miguu. Lakini hiyo ni hadithi nyingine. Yeye alizuiliwa kwa kuwa akili yake ilikuwa inafanya kazi vizuri mno.)

Uingereza yenyewe iliacha kumshtaki mtu aliyejaribu kujiua mwaka 1961. Sisi tukapata uhuru 1963 tukiwa bado tumekishika kifungu walichokwisha kukitupa wenyewe. Nasi tukakitunza.

Narudi Mtwapa. Sitaki kuwa mtu wa kulaumu akiwa amekaa kitini. Msitu ulikuwa bado unafukuliwa, na hatimaye miili iliyopatikana ilipita 400. Hawa 65 walikuwa hai, na walikuwa wanaendelea na ile ile safari waliyoianza msituni, mbele ya macho ya maafisa. Kuwaacha wafe kituoni lingekuwa jambo la aibu kuu. Mwenye mamlaka alitafuta mlango wa kuwashikilia, na mlango aliouzoea ni ule wa mahakama: mashtaka, amri, rimandi.

Ila haukuwa mlango pekee. Sheria ya Afya ya Akili ya 1989, iliyofanyiwa marekebisho 2022, inamruhusu polisi kumchukua mtu anayehatarisha maisha yake kwa sababu ya ugonjwa wa akili na kumfikisha hospitali, bila kumfungulia kesi yoyote. Port Reitz, huko huko Mombasa, kuna kitengo cha akili. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilipinga kushtakiwa kwa manusura hao, ikisema watu hao walihitaji huruma na msaada. Nadhani shida haikuwa ukosefu wa sheria nzuri. Mlango wa rimandi una karani, una gari, una fomu, una askari wa kutia saini. Ule wa hospitali una vitanda vichache na daktari mmoja mmoja. Mtu mwenye haraka anaingia palipo wazi.

Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kifungu cha 226 kinakiuka Katiba. Kesi ilikuwa imeletwa na tume hiyo hiyo ya haki pamoja na chama cha madaktari wa akili. Ukihesabu tangu 1930, kifungu kilikuwa kimeishi miaka 95.

Kufutwa kwa kosa hakugusi upande mwingine wa Shakahola, ule usiopendwa kuongelewa: washukiwa wenyewe. Paul Mackenzie na wenzake walikamatwa kuanzia Aprili 2023, na mahakama ikawa inaongeza muda wa kuwazuilia mara kwa mara hadi mashtaka yalipoanza kusomwa Januari 2024. Hiyo ni miezi tisa hivi. Baadhi yao rimandi walikataa kula, kama walivyofundishwa, na mmoja akafia Malindi kabla kesi haijaanza. Najua kuna atakayesema na afe. Nimemsikia. Lakini kati ya hao washukiwa walikuwemo wafuasi waliokuwa wameamini mafundisho yale yale waliyoyaamini wale 65, na mstari kati ya aliyelinda njaa na aliyeshikwa na njaa haukuwa umechorwa bado. Kuuchora ilikuwa kazi ya kesi, na kesi inahitaji mshtakiwa aliye hai na anayeelewa anachoulizwa.

Ndiyo maana Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wapimwe akili kabla ya kujibu mashtaka ya kuua watoto 191. Februari 2024 walirudi. Mackenzie na wenzake 29 walisomewa, wakakana. Mtu wa 31 alipatikana hana uwezo wa kiakili wa kujibu. Hakuulizwa kitu. Iliamriwa arudishwe mahakamani baada ya mwezi mmoja.