Mbona Wanacheka? Mashabiki wa Kilosa na Mikumi Wanapomkumbuka Mwanamuziki Marehemu

Kila video ya onesho la kumbukumbu ya mwanamuziki wa zamani inapozunguka mtandaoni, ugomvi huwa uleule. Kwenye video kuna bibi kafunga khanga kiunoni, anacheza huku anacheka mpaka machozi. Kuna mzee kasimama mbele ya jukwaa, kidole juu, anamfokea mpiga gitaa kwamba kakosea. Kuna jamaa anaigiza mwendo wa marehemu na watu wanavunjika mbavu. Halafu kijana mmoja anauliza: sasa hii ni kumbukumbu au vichekesho? Mbona hakuna anayelia?

Swali ni la haki kabisa, na jibu lake lipo. Ukilitaka, toka Morogoro mjini, fuata reli mpaka Kilosa, kisha shuka kusini hadi Mikumi. Wale watu kwenye video, wasiotajwa jina na yeyote, wana historia ndefu kuliko bendi iliyopo jukwaani.

Watu wa stesheni, watu wa barabara

Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro 1907, ikapita Kilosa, na kufikia 1914 ilikuwa imefika Kigoma. Kilosa ikawa mji wa stesheni. Mashamba ya mkonge yakatanda pande za Kilosa na Kimamba, na mkonge ukavuta watu. Manamba walikuja kutoka kila kona ya nchi, wakaishi kambini jirani na wenyeji Wasagara, Wakaguru na Wavidunda.

Mikumi nayo ilikua kwa kupitiwa. Reli ya tawi inayotoka Kilosa kwenda Kidatu inapita pale. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa 1964, na barabara kuu ya kwenda Zambia ikaleta malori, madereva, mama lishe na nyumba za wageni.

Sasa fikiria hadhira ya namna hiyo. Huyu kwao Dodoma, yule Songea, mwingine kazaliwa hapohapo kambini na lugha ya babu yake haijui vizuri. Kila kabila lilikuwa na ngoma yake, lakini wimbo wa wote ulikuwa haupo. Nafasi hiyo ikajazwa na muziki wa dansi kwa Kiswahili. Uliimba mapenzi, ulevi, ugumu wa maisha, ndugu wasaliti, mambo ambayo hayaulizi kabila. Ndiyo maana mwanamuziki wa dansi, mwenye gitaa la umeme na shati la kola pana, akageuka kuwa mwimbaji wa watu kama walivyokuwa manju wa ngoma.

Miamba miwili, ajali mbili

Mkoa wa Morogoro ulikuwa na wakali wawili ambao wazee mpaka leo wanabishania nani zaidi. Wa kwanza ni Salum Abdallah Yazidu, ambaye herufi za mwanzo za majina yake zilimpa jina la SAY. Huyu ndiye kiongozi wa Cuban Marimba, bendi iliyolowa sauti za Cuba zilizofika huku kupitia santuri. Alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1965. Juma Kilaza akaibeba bendi, na shoo ikaendelea.

Wa pili ni Mbaraka Mwinshehe Mwaruka, mpiga gitaa wa Morogoro Jazz. Mwaka 1970 bendi hiyo ilikwenda Japan kwenye maonesho ya dunia ya Osaka, ikiiwakilisha Tanzania. Mwaka 1973 Mbaraka akaanzisha bendi yake, Super Volcano. Januari 1979 akapata ajali ya gari Mombasa, akafa. Alikuwa na miaka 34 tu.

Angalia na wakati wenyewe. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulikuwa umefungwa tangu 1977, baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika, na haukufunguliwa mpaka 1983. Mtu wako amefia upande wa pili wa mpaka uliofungwa. Tanzania Bara haikuwa na televisheni. Ilikuja miaka ya 1990. Simu ya mezani ilikuwa ya ofisi na ya wachache. Kwa mtu wa Kilosa au Mikumi, habari kama hiyo iliingia nyumbani kwa njia ileile iliyoingiza nyimbo: redio.

Kwa nini mzee anamfokea mpiga gitaa

Hapo ndipo tunamwelewa yule mzee wa kidole juu. Wengi waliowapenda hawa wanamuziki hawakuwahi kuwaona. Waliwajua kwa Radio Tanzania Dar es Salaam na kwa santuri zilizochezwa baa au kwa jirani mwenye gramafoni. Hakukuwa na klipu, hakukuwa na selfi. Picha ilikuwa moja kwenye jalada la santuri, au haikuwepo kabisa.

Kwa mtu kama huyo, sura ya marehemu ni sauti. Gitaa linaloingia kabla ya kibwagizo ndilo jicho lake, na pale anapovuta neno la mwisho wa mstari ndipo penye pua yake. Kijana wa jukwaani akiongeza madoido yake, au kinanda kikifunika gitaa la pili, mzee anaona kama mtu kamchora marehemu bila sikio moja. Ndiyo maana anapaza sauti: siyo hivyo bwana, rudia!

Vijana husema wazee hawataki ubunifu. Siyo hivyo. Enzi zao walipokea mitindo mipya kila mwaka, na bendi isiyobadilika ilikimbiwa. Ila marehemu hawezi kubadilika tena, na rekodi ndiyo maiti yake pekee wanayoijua. Wanataka ioshwe vizuri.

Na hicho kicheko je?

Kicheko kina mizizi mirefu zaidi. Wilaya ya Kilosa, wakati ule ikiwa na Ukaguru ambao leo sehemu yake kubwa ipo wilaya ya Gairo, ilifanyiwa utafiti mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanaanthropolojia Mmarekani, T. O. Beidelman. Mwaka 1966 alichapisha makala nzima kuhusu utani wa Wakaguru. Utani aliouandika unahusu kifo moja kwa moja.

Kwa Wakaguru utani ni wa ukoo na ukoo. Msiba ukitokea, mtani ana kazi. Anasaidia maziko, anawasafisha wafiwa kimila ili warudi kwenye maisha ya kawaida, na wakati huohuo ana ruhusa ya kufanya ambayo mwingine angepigwa kwayo. Anamkejeli marehemu, anamuigiza alivyokuwa akitembea au akikoroma, anachukua kitu pale msibani na kudai alipwe ndipo akirudishe. Mfiwa haruhusiwi kukasirika. Akitoa tabasamu, hata la shingo upande, kazi ya mtani imeanza kuzaa matunda.

Desturi hii siyo ya Wakaguru peke yao. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, Wagogo na Wahehe vilevile. Ukiwaweka wote kwenye kambi moja ya mkonge, au kwenye mji mmoja wa malori, utani unapata wachezaji wengi kuliko kijijini. Msiba wa kambini usingekosa mtani, maana karibu kila aliyekufa alikuwa na wa kumcheka kihalali.

Kwa hiyo jamaa anayeigiza mwendo wa marehemu mbele ya jukwaa hajakosa adabu. Anafanya kazi ya zamani ambayo siku hizi haina jina kwenye ratiba ya onesho. Bibi anayecheka mpaka machozi analia na kucheka kwa pamoja. Kwa macho ya kwao, msiba ambao hakuna aliyecheka ni msiba ambao haujaisha.

Pesa inakwenda kwa nani?

Kuna jambo la tatu kwenye video zile, na hilo ndilo linauma. Watu wanatunza. Noti zinabandikwa kwenye paji la uso la mwimbaji, zinaingia mfukoni mwa mpiga ngoma. Mkono unaotunza unamtunza marehemu kupitia mwili wa mwingine. Hilo limo kwenye mila: msibani kuna rambirambi, na rambirambi inafika kwa wafiwa.

Ila noti ya kwenye onesho huishia kwa aliyesimama jukwaani, na kiingilio huishia kwa aliyeandaa. Ndiyo maana kwenye mikusanyiko hii husikosi mtu, mara nyingi mama wa makamo aliyekaa pembeni, anayeuliza swali linalopoza meza: watoto wake wamepata ngapi?

Sheria inalo jibu, walau kwenye karatasi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, iliyozaa COSOTA, inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Piga hesabu. Kwa Salum Abdallah, miaka 50 iliisha 2015. Kwa Mbaraka inaisha 2029. Yaani kwa hesabu hiyo warithi wa mtunzi aliyekufa kijana wamebakiwa na miaka michache tu, na baada ya hapo yeyote anaweza kupiga nyimbo zake jukwaani, kwenye tangazo la soda au popote, bila kuwaomba ruhusa warithi wa mtunzi.

Mtani alichukua kitu msibani akadai alipwe, lakini mwishowe alikirudisha, na kila aliyekuwepo alijua nani kachukua nini. Onesho la kumbukumbu limerithi kucheka na kutunza, likasahau kurudisha. Kama kuna la kukasirikia kwenye video zile ni hili. Kicheko cha bibi hakina kosa.

Zamu yenu inakuja, tena imeshaanza

Kabla hujasema hayo ni ya wazee, kumbuka Mei 2013. Albert Mangwea, Ngwair, alifariki Afrika Kusini akiwa na miaka 30. Alikuwa mtoto wa Morogoro, na Juni mwaka huohuo alizikwa Kihonda, Morogoro, mbele ya umati mkubwa. Waliokuwa sekondari wakati ule, wenye nyimbo zake kwenye simu za vitufe, leo ni watu wazima wenye watoto.

Sasa mpe chipukizi kipaza sauti aimbe Ghetto Langu halafu akosee mstari mmoja. Utaona nani anayenyoosha kidole. Atakuwa mtu wa miaka 35 mwenye kofia na raba kali, na atapaza sauti ileile ya mzee wa Kilosa: siyo hivyo bwana! Pembeni yake mshikaji ataanza kuigiza michano ya marehemu na watu watacheka mpaka wakae chini. Mdogo wao wa miaka 16 atarekodi, atapandisha, na ataandika: mbona hawalii?

Na kama unadhani hadhira ya huku ni ya kupiga makofi tu, rudi mwaka 2015. Wapiga kura wa jimbo la Mikumi, ndani ya wilaya hiyohiyo ya Kilosa, walimchagua Joseph Haule, Profesa Jay, kuwa mbunge wao. Mwaka 2020 walimpa mwingine. Hadhira inayokupandisha ndiyo inayokushusha, na haiombi radhi. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa Cuban Marimba na Morogoro Jazz, pale mashabiki walipohama ukumbi mmoja kwenda mwingine kufuata gitaa lililonoga wiki hiyo.

Leo treni ya SGR iliyoanza safari 2024 inaipita Kilosa kwa dakika, abiria kaweka spika masikioni. Inawezekana kabisa wimbo anaousikiliza umechukua gitaa la mtu aliyezikwa kabla mama yake hajazaliwa, na hajui.

Siku ukijikuta kwenye onesho la kumbukumbu, Kilosa, Mikumi au popote, usiwashangae wanaocheka. Cheka nao, ukikosea hatua watakurekebisha. Ukishamaliza kutunza, mtafute mwandaaji umuulize swali la yule mama wa pembeni. Muulize kwa utani ukitaka, ila usiondoke bila jibu.