Fidia Haifuti Kinyongo

Watu wakishika silaha kwa hasira, je, ukiwapelekea hela wataziweka chini? Wakubwa wa dunia wanamwaga mabilioni ya misaada wakiamini hivyo. Sisi wa Tengeru tuna somo letu hapa hapa, chini ya Mlima Meru.

Novemba 1951 serikali ya Mwingereza iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, ili wazungu wapate eneo la kufugia ng'ombe. Nyumba zikachomwa moto. Usidhani serikali ilikuja mikono mitupu: ilitoa fidia, na ardhi nyingine kule Kingori. Wazee wakakataa vyote. Kwao, kupokea zile hela kulikuwa sawa na kukiri kwamba ardhi imeuzwa. Mikuki hawakushika, walichanga senti zao, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasimama New York mbele ya Umoja wa Mataifa. Ardhi haikurudi pale pale, lakini Watanganyika wengi waliamka.

Jirani zetu Kenya mambo yalikwenda vingine. Oktoba 1952 ilitangazwa Hali ya Hatari dhidi ya Mau Mau. Mwaka 1954 ukaja Mpango wa Swynnerton, pauni milioni 5: hati za mashamba, na ruhusa ya kulima kahawa, zao ambalo Waafrika wengi walikuwa wamezuiwa. Je, ndio ulioizima Mau Mau? Thubutu! Kilichoizima ni bunduki, vizuizi, na vijiji vya lazima walikosongamanishwa watu zaidi ya milioni moja. Hati zilipogawiwa, walionufaika zaidi ni waliosimama na serikali. Wengi waliotoka vizuizini hawakukuta hata kishamba. Vita viliisha, kinyongo kikabaki.

Na ng'ambo ya Ruvuma je? Vita vya Cabo Delgado vilianza Oktoba 2017. Mwaka 2020 Msumbiji iliunda wakala wa kuendeleza mikoa ya kaskazini. Machi 2021 mji wa Palma, penye gesi, ukavamiwa.

Vijana wenzangu, sisemi msaada ni takataka. Kisima ni kisima, na shule ni shule. Lakini mtu aliyenyang'anywa shamba haulizi utampa nini. Anauliza utarudisha lini. Ukimjibu swali ambalo hakuuliza, hata ukimjibu kwa noti, bado hujamjibu.