Kudumu Mjini

Jumapili asubuhi mtaani Tena, upande wa Mashariki wa Nairobi, sala humalizika kwa maneno yale yale: milele na milele, amina. Vipaza sauti huyabeba hadi mitaa jirani ya Umoja na Donholm. Jumatatu ikifika, watu wale wale hupanda matatu kwenda mjini na kurudia swali lenye wazo lile lile kwa neno jingine: kazi uliyopata ni ya kudumu, au ni ya mkataba?

Kiswahili kina hazina kubwa ya maneno ya mambo yasiyokwisha, na kila neno lina kazi yake. Wanazuoni wa pwani walipokea kutoka Kiarabu jozi ambayo lugha nyingi hazina. Azali ni umilele usio na mwanzo, yaani kurudi nyuma bila kufika popote. Abadi ni umilele usio na mwisho. Kutokana na abadi likaja abadani, ambalo katika mazungumzo limegeuka kuwa neno la kukataa: sitakwenda, abadani. Milele linaanza na mi- kama miti na mito, lakini halihesabiki, na ndilo lililotia mizizi katika makanisa kupitia tafsiri za Biblia, ikiwemo ile ya Muungano iliyokamilika mwaka 1952.

Kudumu na daima ni watoto wa baba mmoja. Yote mawili yanatokana na kitenzi cha Kiarabu dama, yadumu, chenye maana ya kuendelea bila kukatika. Daima likabaki kielezi. Dumu likaingia jikoni mwa sarufi ya Kibantu na kupikwa upya: dumisha, dumishwa, udumifu, wa kudumu. Siasa nazo zikayachukua yote mawili. Huko Zanzibar mwito wa Mapinduzi huitikiwa Daima, na Tanzania nzima imezoea kusikia Kidumu kwenye mikutano ya chama. Hayo ni maombi yaliyovaa sare ya amri, kwa sababu mtu hukitakia udumifu kile anachohofia huenda kikapita.

Nairobi, hasa Mashariki ya jiji, neno hili la kudumu lilishuka kutoka mbinguni na majukwaani likaingia katika hati, malipo na kuta za nyumba. Ili kuelewa jinsi lilivyoshuka, ni vyema kuanza na kinyume chake: kibarua.

Kibarua ni barua ndogo. Kilikuwa kikaratasi alichopewa mfanyakazi wa kutwa kama ushahidi kwamba amefanya kazi, akirudishe jioni apate ujira wake. Taratibu jina la karatasi likamhamia mtu mwenyewe, yeye akawa ndiye kibarua. Ni badiliko dogo la lugha lenye ukatili mkubwa, kwa maana mtu mzima mwenye jina, ukoo na watoto aliitwa kwa karatasi ambayo thamani yake iliisha jua likitua.

Mwaka 1915 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria mbili zinazostahili kusomwa pamoja. Sheria ya Ardhi ya Ufalme iliwawezesha walowezi kukodi mashamba kwa miaka 999. Mkataba uliotiwa saini mwaka huo ungeisha mwaka 2914. Kwa hesabu ya maisha ya binadamu, hiyo ni milele iliyopigwa muhuri. Sheria ya pili ilikuwa ya kuwaandikisha wanaume Waafrika. Ilipoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ilileta kipande: karatasi yenye alama za vidole na kumbukumbu za ajira, iliyotiwa ndani ya kijaluba cha bati na kuning'inizwa shingoni. Aliyeacha kazi bila idhini aliweza kufuatwa kwa karatasi hiyo. Mmoja alipewa karne kumi, mwingine akahesabiwa siku.

Nairobi yenyewe ilipangwa juu ya wazo kwamba Mwafrika ni mpita njia. Kwao ni mashambani. Mjini amekuja kutumika, kisha arudi. Pumwani ilipoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, na mitaa mingine ya manispaa ilipofuata, nyingi za nafasi zilizotolewa zilimlenga mwanamume asiye na familia. Hata mshahara ulikokotolewa hivyo: chakula, paa na nguo za mtu mmoja. Mke na watoto hawakuwemo kwenye hesabu.

Badiliko la fikra lilikuja kwa kuchelewa mno. Mwaka 1954, Nairobi ikiwa chini ya hali ya hatari, kamati ya mishahara iliyoongozwa na F. W. Carpenter ilipendekeza ujira wa chini utazame mahitaji ya familia badala ya kapera. Serikali ilikuwa imeanza kukiri kwamba mfanyakazi asiye na makao thabiti mjini hawezi kuwa mfanyakazi thabiti. Wakazi wa mitaa ya Kaloleni na Shauri Moyo hawakuhitaji ripoti ili kulijua hilo. Walikuwa tayari wanalea watoto ambao hawakuwa na mji mwingine.

Baada ya uhuru mji ulitanuka mashariki. Buruburu ikajengwa kwa awamu kuanzia miaka ya 1970 kwa ajili ya wanunuzi wenye mikopo ya nyumba. Dandora ikagawiwa viwanja kwa msaada wa Benki ya Dunia. Umoja ikainuka kwa fedha za Marekani. Katika mitaa hii ndimo kudumu likapata pacha wa Kiingereza, pamanenti. Nyumba ya pamanenti ni ya mawe. Ya udongo au mabati iliyowekwa sakafu ya saruji ni semi-pamanenti. Mtu akitaja tu aina ya nyumba, msikilizaji hujua pia ni nani anayeweza kuamshwa usiku na tingatinga.

Ofisini pia neno lilipanda cheo. Kwa miaka mingi afisa mkuu wa wizara aliitwa katibu wa kudumu, hadi katiba ya mwaka 2010 ilipobadilisha jina la cheo hicho na udumifu ukaondolewa. Katiba hiyo hiyo ilifikia pia mikataba ya 1915: asiye raia hawezi tena kumiliki ardhi ya Kenya kwa zaidi ya miaka 99.

Kwa wafanyakazi wa kawaida, hata hivyo, kiu ya kudumu imezidi. Mwezi Mei 2024 walimu wanagenzi wa sekondari msingi waligoma wakidai kuajiriwa kwa masharti ya kudumu yenye pensheni, na takriban 46,000 walibadilishiwa masharti mwanzoni mwa mwaka 2025. Anayeona hiyo ni tamaa ya kutaka raha ajaribu kuomba mkopo wa kiwanja, au kulipa karo ya miaka minne, akiwa na mkataba unaoisha Desemba.

Neno hilo humfuata mkazi wa Nairobi hadi mwisho wa safari. Katika makaburi ya umma ya Lang'ata, familia isiyompeleka maiti wake mashambani huulizwa inataka kaburi la aina gani. Kuna la muda, la bei nafuu, ambalo baada ya miaka kadhaa huweza kufukuliwa na kuzikwa mtu mwingine. Na kuna la kudumu, lenye bei yake. Jamaa hukaa chini kabla ya mazishi, wakafungua daftari la michango na kuhesabu kama pesa zilizochangwa zinalitosha.